Sare Inatosha

8 Februari

Nimenunua daftari hili kwa sababu mwaka huu tunakwenda Afrika. Ndivyo tunavyosema hapa Mufulira timu ikifuzu mashindano ya bara: imekwenda Afrika. Utadhani sisi tunaishi Uswidi! Butondo, timu yetu, haijaenda Afrika miaka ishirini na sita. Mimi, Chisala Kapembwa, mwendesha winchi wa Shafti ya Nne na kiongozi wa mashabiki, ninastaafu mwezi wa sita, na mapafu yangu yameshajaa vumbi la shaba. Nikiikosa hii sitaiona nyingine. Nimeandika hivyo ili nisije nikajikana.

Hesabu yenyewe ni hii. Bingwa na wa pili wa ligi wanacheza kombe kubwa la Afrika. Wa tatu anacheza Kombe la Shirikisho, pamoja na yule anayebeba kombe la ndani, na huko sisi tulitolewa Novemba na timu ya daraja la pili, sitaki kulizungumza. Wa nne anakwenda kulima mihogo. Leo Kafubu ya Luanshya ni ya tatu. Sisi wa nne.

11 Februari

Mvua. Timu haikufanya mazoezi.

15 Februari

Tumewapiga Kafubu bao moja kwa bila, tena kwao! Mechi hii ilikuwa ya Desemba, uwanja wao ukageuka bwawa, ikaahirishwa hadi leo. Dakika ya sabini, kona, kichwa, wavuni. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua nikamng'ata sikio kwa furaha.

Halafu yakaja matofali. Yalianza kabla ya filimbi ya mwisho, na yalitoka kwenye ukuta wa choo waliokuwa wakiubomoa tangu mapumziko. Walijiandaa, mbwa wale. Tulikuwa watu mia mbili kwenye jukwaa lenye lango moja, na lango wamelifunga kwa mnyororo. Mama mmoja wa kwaya yetu alipasuka paji la uso akaendelea kuimba hadi damu ilipomwingia mdomoni. Lango tulilivunja kwa fimbo zetu. Sisi Butondo hatupigi vuvuzela. Tunagonganisha fimbo za chuma za kutobolea mwamba, zile zilizochakaa, na mlio wake unasikika hadi mtaa wa tatu. Leo zilifanya kazi nyingine. Nilimpiga mmoja begani nikausikia mfupa ukivunjika. Sikujuta, na wala sijuti ninapoandika.

Bwembya, mpiga ngoma wetu, rafiki yangu tangu tulipoajiriwa siku moja, alirudi nyuma kuiokoa ngoma. Chupa ikamtwanga jicho la kushoto. Alitembea mwenyewe hadi kwenye lori, kiganja usoni.

"Kiongozi, ngoma ipo?"

"Ipo, boyi wangu."

"Haya basi."

Damu ilikuwa inamchuruzika katikati ya vidole.

16 Februari

Jicho wamelitoa. Bwembya anasema kuanzia sasa ataona nusu tu ya makosa ya waamuzi. Wenzangu walicheka, mimi nikatoka nje. Kafubu wanakuja hapa tarehe kumi na moja Mei, mechi ya mwisho ya ligi. Waje tu.

22 Februari

Ba Jere, yaani Bwana Jere, katibu wa klabu, amebandika tangazo mlangoni: fimbo za chuma marufuku uwanjani. Nikaenda ofisini kwake mbio.

"Wewe Mngoni, nani kakutuma?"

"Karibu, mla nyani. Kaa kitako."

Yeye Mngoni, mimi Mbemba. Mababu zetu walichinjana, kwa hiyo sisi tunatukanana, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Ndio utani wetu: yeye mla panya, mimi mla nyani. Siku tuliyomzika mama yangu, ba Jere alijilaza kaburini na suti yake, akakataa kutoka mpaka apewe pombe. Watu walicheka huku wanalia. Nilimpenda sana siku ile.

"Shirikisho limetuandikia," akasema. "Fujo nyingine, na hasa hapa nyumbani, mechi anapewa mpinzani. Mabao matatu kwa bila."

"Na jicho la Bwembya anapewa nani?"

Akaikunja barua. "Jicho halimo kwenye barua. Ila fimbo zisiingie."

"Mla panya wewe, unaogopa chuma kwa sababu mitego imewamaliza ndugu zako."

Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka sana. Ni mwoga. Mtu wa gundi na mihuri atajua nini kuhusu matofali?

8 Machi

Tumeifunga Itimpi ya Kitwe tatu kwa moja. Baada ya mechi vijana wao wakaimba kuhusu jicho la Bwembya, wakiwa wameziba jicho moja kwa mkono. Hatukuwa na fimbo, tangazo la ba Jere lilikuwa bado lina nguvu. Tulitumia mikono na mikanda. Mmoja alikuwa ameshika reli ya jukwaa ili asivutwe chini. Nikamkanyaga vidole kwa buti la mgodini, mara tatu, mpaka akaachia. Alikuwa na pete ya ndoa.

Nyumbani binti yangu Mutale akafua shati.

"Baba, hii damu yako?"

"Siyo yangu."

Alibadilisha maji akaendelea kufua.

9 Machi

Zamu. Mguu unaniuma.

23 Machi

Mvua siku ya tano mfululizo. Sare ugenini. Kafubu wameshinda.

6 Aprili

Tumeshinda. Bado tuko nyuma pointi mbili.

Sokoni vijana wetu walimkuta muuza viatu amevaa fulana ya bluu, rangi ya Kafubu. Walimpiga na viatu vyake mwenyewe, kisha na ubao wa meza. Nilikuwa nimesimama pale kwa muuza kapenta, dagaa wetu. Waliniangalia mimi kwanza, na mimi nikaangalia kapenta. Mtu yule aliita "tata! tata!" kama mtoto anayemwita baba yake.

Bwembya alikuja jioni, jicho amelifunga kitambaa. Kumbe ameshapata habari. "Yule ni wa Ndola," akaniambia. "Hajawahi kukanyaga hata Luanshya. Fulana aliinunua kwenye rundo la mitumba."

"Bahati yake mbaya."

"Jicho ni langu, Kiongozi. Mbona hasira ni yako?"

Nilimwambia ameanza kuwa laini. Aliondoka bila kumaliza kikombe chake cha munkoyo.

27 Aprili

Mkutano wa mashabiki. Ukumbi wa klabu ulijaa hadi madirishani. Kafubu wametoka sare jana, sisi tumeshinda, sasa wote tuna pointi hamsini na nane na imebaki mechi moja: sisi na wao, hapa. Wao wanatuzidi mabao saba.

Nilisimama juu ya benchi nikawaeleza kinagaubaga: sare ni yao. Tukitoka sare pointi zinalingana, mabao yanahesabiwa, wao wanakwenda Afrika. Tushinde au tufe!

Ukumbi ukanguruma. Ba Jere akainua mkono, kijitabu cha kanuni kiko mkononi.

"Jamani, si hivyo. Kanuni imebadilishwa msimu huu. Timu zikilingana pointi, kinachotazamwa kwanza ni mechi walizokutana wenyewe. Sisi tuliwafunga kwao. Sare inatosha! Sisi ndio tutakaofuzu."

"Sikilizeni mla panya huyo!" nikasema. "Kila Jumamosi mnaangalia ligi ya Waingereza. Timu zikilingana wanaangalia nini?"

"Mabao!" ukumbi mzima.

"Hapa siyo Uingereza, mla nyani."

"Na wewe unataka tucheze sare kwa sababu moyo wako wote ni sare. Mngoni akiona mkuki siku hizi anauliza risiti!"

Wakacheka hadi wengine wakaketi chini. Yeye mwenyewe alicheka, angefanyaje? Ni utani. Alijaribu kusoma ukurasa wenyewe, lakini kila alipofungua mdomo mtu alilia kama panya. Mwishowe akakifunga kijitabu, akaniangalia kwa miwani yake ile. Niliona hacheki tena. Nikajisemea, huyu amepewa kitu na watu wa Kafubu.

4 Mei

Mvua zimekwisha. Vumbi limeanza.

10 Mei

Fimbo arobaini zimeshaingia uwanjani. Mama wa kwaya walizipitisha jana ndani ya mikeka. Ni mimi niliyepanga. Bwembya amekataa kuleta ngoma.

12 Mei

Naandika asubuhi. Nitaandika yote ya jana.

Watu walijaa tangu saa nne asubuhi. Umeme ulikatika saa saba, kwa hiyo vipaza sauti vilikuwa vimekufa, na hakuna aliyeweza kututangazia chochote. Kafubu walifunga dakika ya ishirini. Sisi tukarudisha dakika ya hamsini na tano, penalti. Moja moja. Nusu saa imebaki na zaidi, nikaona sasa tunawamaliza.

Ndipo vijana wetu wakaanza kulala.

Nahodha alianguka bila kuguswa, akashika goti dakika nzima. Golikipa wetu alifunga kamba za viatu, kushoto, kisha kulia, kisha tena kushoto. Beki akapiga mpira nje ya uwanja kabisa, ukavuka ukuta. Tulipiga kelele, "Chezeni! Chezeni!" Mmoja wao akatugeukia akatuonyesha viganja: tulieni. Tulieni? Tunahitaji bao, nyie mnatuambia tulieni!

Na Kafubu walikuwa wanakimbia. Hili nililiona, naapa nililiona kwa macho yangu mawili. Golikipa wao alikuwa akifuata mipira mwenyewe nyuma ya goli, mbio, anahema. Nikajiuliza, kama sare ni yao, huyu anakimbilia nini? Swali lilikuja kichwani mwangu likapita. Nililiacha lipite.

Dakika ya themanini na tano mtu nyuma yangu akasema, "Wamehongwa." Neno lilishuka jukwaani haraka kuliko mimi ninavyoliandika. Wamehongwa. Nahodha akaanguka tena, na safari hii chupa ikamfuata, ikampata shingoni, chupa yetu sisi, nahodha wetu. Nikainua fimbo yangu. Kiongozi akiinua fimbo hana haja ya kusema.

Tulimwagika. Uzio ulilala chini na watu juu yake, na waliokuwa chini ya uzio walikanyagwa. Vijana walimshika beki wetu wakamkokota kwa nywele. Golikipa alijificha ndani ya wavu wake, wakamviringisha humo humo wakampiga mateke. Mashabiki wa Kafubu wakadhani ni wao wanaofuatwa, wakaja na mapanga ya kukatia nyasi waliyoyatoa sijui wapi. Niliona sikio la mtu likining'inia. Niliona mshika kibendera akipigwa kwa kibendera chake. Polisi walirusha mabomu ya machozi, na moshi ukarudi na upepo juu yao wenyewe.

Katikati ya hayo alitokea ba Jere. Alikuwa anakimbia kutoka jukwaa la wakubwa, tai begani, miwani haipo, amekishika kile kijitabu juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. Alikuja moja kwa moja kwangu. Katika watu elfu sita alinichagua mimi, kwa sababu alijua nikisema acheni, wataacha.

"Chisala!" alikuwa akipiga kelele. "Chisala, sare inatosha! Tumefuzu! Watoe uwanjani, Chisala!"

Miaka kumi na tisa hakuwahi kuniita jina langu. Nilisikia kila neno. Nilielewa kila neno. Nikaona mwizi aliyeuza timu anakuja kunicheka usoni, nikampiga na fimbo upande wa taya. Alisimama bado, kijitabu juu, kama hakuamini. Nikampiga tena, kichwani. Safari hii alianguka.

Mwamuzi alikuwa ameshavunja mechi. Dakika ya themanini na nane.

Bwembya alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimlaza pajani mwake akakifungua kile kijitabu, kilikuwa kimekunjwa kwenye ukurasa. Akasoma kwa jicho lake moja. Kisha akanisomea kwa sauti, polepole, mara mbili.

16 Mei

Shirikisho limetoa uamuzi. Kafubu wamepewa mechi, tatu kwa bila. Kafubu wanakwenda Afrika. Sisi wa nne.

Waliokamatwa ni kumi na mmoja. Mimi simo. Aliyeona ni Bwembya, na Bwembya haongei na polisi, wala na mimi.

18 Mei

Vijana wamenitungia wimbo: Kapembwa hataki sare. Wameuimba nje ya dirisha langu. Mutale alitoka na ndoo ya maji ya sahani akawamwagia wote.

21 Mei

Ba Jere amezinduka. Siku kumi alikuwa kama gogo.

25 Mei

Nimekwenda hospitali na uji wa karanga. Mkewe, mama Temwani, alinipokea kwa mikono miwili. Mimi! Taya limefungwa kwa waya, anaongea kwa meno yaliyobana, lakini akili ipo. Ila ile siku haimo kichwani. Anakumbuka kufunga tai asubuhi, basi. Daktari amewaambia wasimpe habari za kumshtua, wamemwambia aliangukiwa na uzio.

Alinivuta karibu. "Mla nyani. Hawa hawaniambii. Matokeo?"

"Moja moja," nikasema.

Macho yake yakajaa machozi. "Sare. Si nilikwambia? Tumefuzu."

Nikamwambia ndiyo, tumefuzu.

1 Juni

Nimekwenda tena, mara ya nne. Amepata kalamu. Ameandika orodha ya wachezaji wasio na pasipoti, na jina langu liko chini kabisa, mtu wa ngoma na nyimbo, nafasi ya mwisho kwenye ndege. Anataka nipeleke barua kwa shirikisho Jumatatu. "Utaona Afrika, mzee wa winchi," anasema. "Usije ukakamata nyani wa watu huko."

Alinipa barua. Nimeiweka mezani, naitazama.

2 Juni

Nilikwenda saa nne asubuhi. Mama Temwani alikuwa anamlisha uji kwa mrija. Nikakaa kwenye kiti nikaishika ile barua.

"Ba Jere, hatukufuzu. Mechi ilivunjika. Watu waliingia uwanjani, na mimi ndiye niliyewaingiza. Uzio haukukuangukia. Mimi ndiye niliyekupiga. Kwa fimbo."

Akacheka. Kicheko kilimtoka puani, waya ukamuuma, akashika taya huku anaendelea kucheka. "Mla nyani! Hata hospitali hunionei huruma?"

"Ninyi Wabemba hamna haya kabisa," mama Temwani naye anacheka, akanichapa bega kwa kitambaa. "Mgonjwa huyu, shemeji! Subiri apone basi!"

"Sitanii," nikasema. "Mimi ndiye niliyekupiga."

"Kwa mkono huo?" Alikuwa anafuta machozi. "Ungekuwa wewe ningeshatoka hapa siku ile ile. Mkono wa mtu anayevuta nyani kwa kamba." Mama Temwani akajishika kwenye kitanda kwa kucheka. Mgonjwa wa kitanda cha pili, simjui hata jina, naye akacheka.

Nilitaka sana kucheka nao. Nakiri. Ningecheka kidogo tu, mambo yangeishia pale, na yeye ndiye aliyekuwa ananipa mlango.

"Ulikuja kwangu ukikimbia," nikasema. "Huna miwani. Kijitabu umekishika juu kwa mikono miwili. Ulisema sare inatosha, watoe uwanjani. Hukuniita mla nyani. Uliniita Chisala. Ukaniita mara tatu, nikakusikia zote, nikakupiga kwenye taya, na ulipokuwa bado umesimama nikakupiga kichwani."

Mama Temwani aliweka bakuli chini. Mgonjwa wa pili aligeukia ukutani. Ba Jere alinitazama mkono, akaniangalia usoni, na kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Dakika ya ngapi?" akauliza.

"Themanini na nane."

"Kulikuwa na nyongeza?"

"Mwamuzi wa nne alikuwa ameshaweka namba kwenye ubao. Nne."

Alihesabu kwenye shuka kwa vidole, mtu wa hesabu hata pale. Mbili, na nne. Alivitazama vile vidole sita muda mrefu.

"Tungeshikilia," akasema kwa meno yake yaliyofungwa. "Dakika sita, Chisala. Tungeshikilia."

Mama Temwani akaanza kupiga mayowe. Wauguzi walikuja mbio, halafu walinzi. Mimi nilibaki kwenye kiti kile kile, barua mkononi, na sikuinuka hata waliponishika.